Mashine Iliyochorwa Ubaoni

Mkurugenzi wa Mipango alikuwa chali juu ya zulia la ofisi yake, amekufa, na mtu alikuwa amemlaza vizuri.

Hilo ndilo lililomsimamisha Inspekta mlangoni. Wafu aliowazoea huwa wameanguka. Huyu alikuwa amelazwa. Koti lake la suti lilikunjwa likawekwa chini ya mabega, kichwa kikarudi nyuma, kidevu kikaelekea darini. Tai ilikuwa imelegezwa. Kifungo kimoja cha shati kilikuwa kimeng'oka na kubingirika hadi mguuni mwa meza.

"Presha hiyo, Afande," alisema Sajenti nyuma yake. "Umri ule, kitambi kile, na wanafunzi wanaogoma kila muhula. Hata mimi ningekufa."

"Nani amemgusa?"

"Hakuna. Katibu muhtasi anasema alifungua mlango, akaona, akafunga."

Inspekta alivaa glavu, akapiga magoti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, aliyekaa kwenye idara ya upelelezi muda mrefu kuliko alivyokaa kwenye ndoa. Zamani akiona maiti alikuwa akirudi nyumbani hali chakula. Siku hizi alikuwa anakula vizuri tu, na hilo halikumsumbua pia.

Karibu na shavu la marehemu, juu ya zulia, palikuwa na vipande vidogo vyeusi, vyembamba kama maganda. Aliokota kimoja kwa kibano. Kilikuwa cha mpira mkavu, kikamomonyoka alipokibana. Aliviweka vilivyobaki kwenye mfuko wa vielelezo.

Alipoinuka aliona nje ya dirisha ukumbi mpya wa mihadhara wa chuo hicho cha sayansi za afya. Jengo kubwa, vioo vya buluu, kibao cha shaba chenye jina la waziri aliyelizindua. Ukilitazama kutoka pale mezani, hukuona kitu kingine.

Katibu muhtasi alikuwa ameketi chumba cha nje, mikono mapajani, kama anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Hakuwa analia.

"Pole, mama."

"Asante."

"Jana ulimwachaje?"

"Mzima. Anaandaa maombi ya bajeti. Akaniambia nikifika chini nimwambie mlinzi asifunge mlango wa mbele, kuna mtu anakuja."

"Nani?"

"Hakusema. Nilimuuliza kama nibaki niandae chai ya mgeni. Akasema, nenda tu, mama, huyu si mgeni."

"Alikuwa na maadui?"

Mwanamke yule alimtazama kana kwamba ameulizwa kama mvua inalowesha.

"Afande, kazi ya huyu bosi ilikuwa kuwaambia watu hakuna fungu. Idara ikitaka darubini, hakuna fungu. Bweni likivuja, hakuna fungu. Chuo kizima kilimwita Bwana Hakuna Fungu, mpaka wapishi. Ukianza kuhesabu maadui, anzia getini."

*

Majibu ya maabara yalipotoka, daktari wa uchunguzi wa maiti alimwita Inspekta. Alikuwa mzee mwembamba, anayeongea huku akinawa mikono, na ananawa muda wote.

"Si presha," alisema. "Tazama hapa, paja la kulia. Sindano. Ilipita kwenye suruali."

"Sumu?"

"Dawa. Ile ya chumba cha upasuaji, ya kulegeza misuli. Ukichomwa unalegea mwili mzima. Huinui kidole, hupepesi jicho, na kifua nacho kinasahau kuvuta pumzi. Ila masikio yanasikia."

"Anajua kwamba anakufa."

"Anajua. Lakini sikiliza. Dawa hii peke yake haiui. Mgonjwa akipata wa kumpumulisha, inaisha nguvu yenyewe, anaamka, anaomba maji. Ndiyo maana chumba cha upasuaji kina mashine." Alifunga bomba. "Sasa njoo uone kitu cha ajabu."

Alimwonyesha kifua. Mbavu zilikuwa zimevunjika pande zote mbili za mfupa wa kati.

"Alipigwa?"

"Alikandamizwa. Kwa nguvu, muda mrefu, na mahali hasa panapotakiwa. Ndani ya midomo kuna michubuko. Amepuliziwa pumzi kwa mdomo. Mtu alihangaika naye kweli kweli."

"Kwa hiyo walikuwa wawili. Mmoja wa kuua, mmoja wa kuokoa."

"Au alikuwa mmoja, akabadili nia." Mzee alifungua tena bomba. "Mimi nasoma mwili, Inspekta. Mambo ya nia ni yenu."

*

Mkuu wa Upelelezi hakutaka kusikia habari za mbavu.

"Fuata pesa," alisema. "Chuo cha serikali, ukumbi wa mabilioni, mkurugenzi amekufa. Unataka nikuchoree?"

Walizifuata. Sajenti alijifungia na wakaguzi wa hesabu kwa siku kadhaa, akarudi amenuna.

"Pesa zote zipo, Afande."

"Zote?"

"Zabuni ilitangazwa. Mkandarasi alilipwa kilicho chake. Ukumbi umejengwa, viti vimewekwa. Nimekaa kwenye kimoja, kizuri, kinabembea kidogo. Hakuna aliyekula hata ya maji. Nimeumia rohoni."

"Na wanafunzi?"

"Kiongozi wao alipiga kelele kwenye mgomo kwamba watamzika yule mzee ndani ya ukumbi wake. Siku ya tukio alikuwa amelazwa, malaria. Nimeongea na muuguzi. Hakutoka kitandani."

Basi Inspekta alikwenda kwa mjane.

Nyumba ilikuwa ya kawaida mno kwa cheo cha marehemu. Viti vya kukodi vilikuwa bado vimepangwa uani, na wanawake wawili walikuwa wakiosha masufuria bila kuongea. Mjane alimpokea sebuleni. Alizungumza taratibu, sauti moja, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Mtu anaweza kusema alijenga ukumbi kwa sifa," alisema Inspekta.

"Wamesema mengi. Serikali inalipa kwa kichwa, mwanangu. Wanafunzi wakiwa wengi, fungu linakuja. Wakiwa wachache, mnaambiwa mjipange. Sasa hao wengi utawaweka wapi? Ndiyo ukaja ukumbi."

"Na vifaa vya kufundishia?"

"Vilikuwa kwenye maombi kila mwaka. Kila mwaka wizara inapiga mstari. Mwaka ule wa ukumbi alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa hapo ulipo wewe mpaka chakula kikapoa. Nikamuuliza, baba, kuna nini? Akasema, wamesema fungu ni moja, tuchague viti au vifaa."

"Akachagua viti."

"Waziri alikuwa ameshachagua. Yeye alitia saini." Alinyoosha kitambaa cha kochi ambacho hakikuwa na kunjo. "Watu hawajui kwamba mtu anaweza kutia saini kitu na kisha asilale."

"Alikuwa na rafiki?"

"Mmoja. Shemeji yangu wa idara ya usingizi, anayefundisha kuwalaza wagonjwa wa upasuaji. Si shemeji wa damu. Wamesoma pamoja tangu ndevu hazijaota, ndiye aliyenileta katika nyumba hii kwa mdomo wake. Alikuja juzi kwenye msiba, akakaa pale kwenye kona, hakula, hakusema. Nikamwonea huruma. Na yeye ametoka kuzika hivi karibuni."

"Kumzika nani?"

"Binti yake. Wa pekee. Alifia kwenye uzazi, hospitali ya wilaya. Mume wangu alibeba jeneza."

*

Idara ya usingizi ilikuwa kwenye majengo ya zamani, nyuma ya jiko. Inspekta na Sajenti walifika kipindi kikiwa kinaendelea, wakasimama mlangoni, kwa sababu ndani hapakuwa na pa kusimama. Wanafunzi walikuwa wamebanana watatu watatu kwenye dawati, wengine wamekaa kwenye vizingiti vya madirisha.

"Mbona hamko kwenye ukumbi mpya?" Sajenti alimnong'oneza msichana aliyekuwa karibu.

"Zamu yetu ni Alhamisi," alijibu bila kugeuka. "Kule kuna vipaza sauti. Huku kuna Mzee Ganzi."

Mzee Ganzi alikuwa mbele, mrefu, mabega yameinama, koti jeupe limefuliwa hadi likawa jembamba. Alikuwa akichora mashine ubaoni. Alichora bila kutazama kitu chochote: mitungi ya hewa, mita, mabomba, mfuko wa kupumulishia. Chaki nyekundu, chaki ya buluu. Ilikuwa picha nzuri kabisa. Kila baada ya mistari michache alisimama, akakandakanda kiganja cha mkono wa kulia.

"Mrija umeingia," alisema. "Mgonjwa amelegea, hapumui. Ninyi ndio mapafu yake. Mnaangalia nini kwanza?"

"Kifua!" darasa liliitikia.

"Hakipandi. Mko wapi?"

"Njia ya chakula!"

"Mnafanya nini?"

"Tunatoa!"

"Mtajuaje kwa mikono yenu, si kwa vinywa?"

Mpira wa kumwagilia bustani, uliokatwa urefu wa mkono uwe badala ya mrija, ulikuwa ukipitishwa dawati kwa dawati. Kila mwanafunzi aliushika kidogo, akaugeuza, akampa mwenzake.

"Mashine yenyewe iko wapi?" Sajenti aliuliza.

"Hiyo hapo ubaoni," alisema msichana. "Ya chuma tutaiona tukiajiriwa."

Kipindi kilipoisha, Inspekta alimfuata mwalimu kwenye chumba chake kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibuni. Kiti kimoja kina mguu mbovu, hicho cha kijani, msikikalie."

"Pole kwa binti yako."

"Asante."

"Na pole kwa rafiki yako."

"Asante."

"Jioni ile ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nina mjukuu mchanga."

"Mwenzako anasema ulikuwa nyumbani?"

"Mke wangu hajui saa siku hizi. Ukimuuliza atasema ndiyo. Ukimuuliza mara ya pili atasema hapana."

Nyuma yake palikuwa na kabati la bati. Kufuli lilikuwa bado limefungwa, lakini mlango ulikuwa umekunjwa kama kopo, umeng'olewa bawaba. Inspekta aliuvuta. Rafu zilikuwa tupu. Ya kati ilikuwa na vumbi zito, na katikati ya vumbi palikuwa na alama safi, ya mviringo, kama mahali palipokaa kibuyu kwa miaka. Pembeni ya alama kulikuwa na vipande vidogo vyeusi.

"Nani amevunja?"

"Mimi. Mtunza stoo huondoka na ufunguo."

"Kulikuwa na nini?"

"Mfuko wa kupumulishia. Wa mkono. Ulitolewa na wafadhili zamani sana."

"Uko wapi?"

"Nimeutupa. Ulikuwa umechakaa."

Alijibu bila haraka na bila woga. Inspekta aliokota kipande kimoja cha mpira, akakiweka kwenye mfuko mwingine wa vielelezo. Mwalimu alimwangalia akifanya hivyo. Alisubiri amalize, kisha akamfungulia mlango.

Nje, Sajenti hakujizuia. "Afande, si tumchukue sasa hivi? Mpira ni ule ule, na ile mikono ndiyo iliyokandamiza kifua."

"Kwa nini amuue?"

"Binti yake amekufa."

"Mkurugenzi hakumzalisha binti yake."

*

Hospitali ya wilaya ilikuwa mbali kidogo, jengo refu la ghorofa moja lenye foleni upande wa kivulini. Mganga mfawidhi aliwazungusha kwa maneno, mwishowe akamwita kijana mmoja kutoka dirisha la mapokezi. Ndiye aliyekuwa mtaalamu wa usingizi wa zamu siku ile binti wa Mwalimu alipofanyiwa upasuaji wa uzazi. Tangu siku hiyo hakuingia tena chumba cha upasuaji. Aliomba apangwe kuandikisha wagonjwa.

"Nimeshahojiwa na kamati," alisema. "Walisema ni ajali ya kitaalamu."

"Mimi si kamati. Nieleze tu."

Alikuwa mdogo kuliko Inspekta alivyotarajia. Alikuwa anazungusha kalamu vidoleni, akaiona, akaiacha.

"Mtoto alikuwa amechoka tumboni. Ilibidi haraka. Nikampa mama dawa ya usingizi, nikampa ya kulegeza, nikaweka mrija. Nikaunganisha mashine."

"Ulikuwa umewahi kuweka mrija?"

"Kwenye mafunzo kwa vitendo tulisimama nyuma, tuko wengi. Huwezi kuona. Chuoni hatuna hata sanamu ya kujifunzia."

"Ukaweka."

"Nikaona umeingia kwa ulaini, nikashukuru Mungu. Kumbe ulaini ule ni wa njia ya chakula. Mashine inapuliza, tumbo linajaa, mimi natazama mita. Mita nilizijua vizuri, Afande. Nilizichora kwenye mtihani nikapata alama za juu. Daktari akaniambia, damu inatoka nyeusi. Nilipoelewa, ilikuwa basi. Mtoto walimtoa mzima."

"Ulijua ni binti wa mwalimu wako?"

"Aliniambia mwenyewe wakati anapanda kitandani. Alicheka. Akasema, kama umefundishwa na baba yangu, basi sina wasiwasi."

Foleni ilisogea, mtu akagonga dirisha, kijana akamwashiria asubiri.

"Mwalimu alikuja kukuona?"

"Baada ya mazishi. Nilidhani atanipiga. Alikaa kwenye benchi lile, akaniuliza hatua kwa hatua, kama mtihani wa mdomo. Uliona nini, ukafanya nini. Nikamwambia yote. Akasema, umefanya kama nilivyokufundisha. Akaondoka."

*

Walimkuta Mwalimu nyumbani, alasiri, ameketi kibarazani na mjukuu mikononi. Mke wake alikuwa kwenye kigoda karibu, anatazama ukuta wa jirani. Mtoto alikuwa ananyonya chupa kwa bidii, ngumi moja imeshika kidole cha babu yake.

Inspekta alisalimia. Mke hakuitika.

"Tumeongea na kijana wa hospitali," alisema Inspekta. "Na mlinzi wa chuo. Tulimuuliza kama alimwona mgeni, akasema hapana. Leo tumemuuliza kama alimwona mtu yeyote akikimbia. Akasema, mgeni hapana, ila Mwalimu alivuka uwanja mbio kwenda idarani kwake na kurudi mbio, akadhani ni mwanafunzi ameanguka."

"Ni kweli."

"Inabidi twende, Mwalimu."

"Ngoja amalize maziwa."

Walingoja. Sajenti alisimama karibu na gari, kofia mkononi, bila kujua kwa nini ameivua. Chupa ilipoisha Mwalimu alimweka mtoto begani, akampigapiga mgongo mpaka akacheua, kisha akamkabidhi mke wake. Mwanamke alimpokea kama mtu anayepokea mzigo wa mwingine kwenye basi.

"Shangazi yake anakuja jioni," Mwalimu alimwambia. "Usimpe maji bado."

"Unakwenda kazini?" mke aliuliza.

"Ndiyo."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu, na feni isiyozunguka. Inspekta alimsomea haki zake. Akakataa wakili. Sajenti alifungua karatasi.

"Sindano uliitoa wapi?"

"Hospitali ya mkoa. Nilikuwa nikisaidia pale siku moja kwa wiki ili mkono usisahau. Nilichukua dawa wiki ya mazishi."

"Ili umuue Mkurugenzi?"

"Hapana. Ilikuwa yangu."

Sajenti aliinua macho, akayarudisha kwenye karatasi.

"Nilitembea nayo mfukoni," Mwalimu aliendelea. "Asubuhi naiweka, usiku naitoa. Mke wangu hakuwa anaona kitu, mtoto analia, mimi nakwenda kuchora mashine. Jioni ile nikaona basi, imetosha. Nikampigia simu rafiki yangu, nikamwambia nataka tuonane. Nilikwenda kumuaga."

"Yeye alijua?"

"Hakujua. Alidhani nimekuja kumlaumu, akaanza kujitetea kabla sijakaa. Alisema aliomba mashine miaka yote, wakakata. Nikamwambia, ulichukua viti. Ulichukua viti elfu moja na waziri akakata utepe, nami nilikuomba mashine moja na sanamu moja. Akasema hakuchukua, alipewa. Nikamwambia, basi ungekataa kutia saini."



"Akasema nini?"

"Akaniangalia. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Akasema, mimi nilitia saini viti. Cheti cha yule kijana kilitiwa saini na nani?"

Feni haikuzunguka. Nje mtu alikuwa anaburuta benchi kwenye korido.

"Sindano ilikuwa mkononi," alisema Mwalimu. "Sikumbuki kuitoa mfukoni. Nakumbuka suruali yake ilivyokuwa ngumu, ile suti ya sherehe. Akasema, umefanya nini, ndugu yangu? Kisha miguu ikamwisha. Nilimpokea asianguke vibaya."

"Ukamlaza."

"Nilimlaza. Koti chini ya mabega, kidevu juu. Mikono ilifanya yenyewe. Nikampulizia. Macho yake yalikuwa wazi, ananisikia. Nikamwambia, usiogope, ni dakika chache, nitapumua kwa niaba yako mpaka iishe. Nikapumua mpaka nikaanza kuona giza. Mtu mmoja hawezi kupuliza na kukandamiza na kupiga kelele za msaada. Ofisi zote zilikuwa tupu. Nikakimbilia mfuko."

"Ule wa kabatini."

"Nilijua ni mbovu. Nilikuwa nimeuandikia maombi ya kubadilishiwa mara kadhaa, mwenyewe ndiye aliyenijibu hakuna fungu. Nilijua, lakini nilivunja kabati nikauchukua. Nikarudi, nikamwekea usoni, nikaminya, mpira ukachanika mkononi kama karatasi. Nikaminya tena. Ukabaki vipande."

"Na mfuko ungekuwa mzima?"

"Angekuwa hai. Angekuwa ananishitaki." Alikandakanda kiganja. "Niliendelea kukandamiza mpaka alipopoa. Kisha nikafumba macho yake nikaenda nyumbani. Mtoto alikuwa na njaa."

Inspekta aligundua kwamba amekuwa akipumua kwa kuhesabu. Aliacha.

"Mwalimu, alikuwa rafiki yako wa ujanani. Alikubebea jeneza. Kama ni viti, ulikuwa umejua habari za viti siku zote. Ulimuua kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya lile swali."

"Ulishindwa kulijibu?"

"Jibu nilikuwa nalo." Alilitoa polepole, kwa sauti ile ile aliyotumia darasani. "Ningemfelisha yule kijana ningekuwa nimefelisha darasa zima, kwa sababu wote walikuwa sawa. Darasa likifeli, wizara inasema idara haina wahitimu, fungu linakatwa, idara inafungwa. Nikajiambia, bora wilaya zipate watu wanaojua kidogo kuliko kukosa kabisa. Nikatia saini. Hayo nilijiambia mwaka wa kwanza. Miaka iliyofuata sikujiambia kitu. Niliandika tu jina langu. Na mshahara ukaingia, na binti yangu akasoma kwa mshahara huo."

Hakulia. Inspekta alitazama kama angelia, akaona hapana. Alijitazama na yeye mwenyewe pia, ndani, akakuta hakuna kilichosogea, kama siku zote.

"Wanafunzi wangu wana mtihani," Mwalimu alisema. "Nani atawasimamia?"

"Sijui."

"Waambieni wausogeze mbele. Hawajawa tayari."

Sajenti alimaliza kuandika. Kwa utaratibu, Inspekta alimsomea maelezo yake yote kwa sauti, tangu mwanzo, ili akubali au asahihishe. Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja. Alitikisa kichwa kukubali kuhusu dawa. Akakubali kuhusu kabati. Walipofika karibu na mwisho aliinua kidole.

"Hapo panasema nilimuua kwa sababu alinitukana."

"Sajenti ameandika hivyo," alisema Inspekta.

"Sikusema hivyo."

"Tuandike nini?"

"Andikeni alisema kweli."

Sajenti alikata neno moja, akaandika mengine juu yake. Inspekta aliisukuma karatasi upande wa pili wa meza, pamoja na kalamu. Mwalimu alisoma sentensi ile mpya mara mbili. Kisha akatia saini.